Kufoka kwa Sauti ya Ndani: Nafsineni na Majigambo katika Kazi za Little Simz

Ikisiri

Makala haya yanafafanua safari ya kisanaa ya Little Simz, mghani na mwimbaji wa London, tangu kanda zake za mwanzo za mwaka 2010 hadi albamu ya Lotus ya mwaka 2025. Wahakiki wengi huisimulia safari hiyo kama mpito kutoka kwenye tambo za ujana hadi ungamo la utu uzima. Makala yanadai kuwa usomaji huo haujitoshelezi. Nafsineni ya Simz haikuyaacha majigambo. Iliyageuza kuwa chombo cha kujihoji. Aidha, inaoneshwa kuwa mageuzi hayo hayawezi kutenganishwa na suala la nani anamiliki kazi ya msanii na nani anaigharamia. Makala yanaanza kwa kulidadisi neno "mfokaji", ambalo limezoeleka katika Kiswahili lakini halimkai vyema msanii wa aina hii.

Tatizo la neno

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kutaja kazi ya sauti katika sanaa: kuimba, kughani, kukariri, kutongoa. Hata hivyo, muziki wa rap ulipoingia, vyombo vya habari vilichagua "kufoka", na mtendaji akaitwa "mfokaji". Chaguo hilo si la bure. Kinachofoka ni maziwa yaliyosahaulika jikoni, yanayopanda povu na kumwagika. Anayefoka ni mtu aliyeghadhibika, ambaye maneno yanamtoka kabla hajayapima. Kwa hiyo, istilahi yenyewe imebeba hukumu: kwamba fani hii ni ya hasira, kelele na kutojizuia.

Hukumu hiyo huenda ilielekea kusadikika kwa baadhi ya makundi ya Marekani ya miaka ya 1980. Haimwelezi msanii aliyeipa albamu yake kuu jina la Sometimes I Might Be Introvert, yaani "wakati mwingine huenda mimi ni mtu wa kujifungia nafsini". Little Simz hughani kwa sauti tulivu, aghalabu ya chini, silabi zikipangwa kwa utaratibu wa mtu anayehesabu hatua zake. Hapa hakuna kinachomwagika. Kwa sababu hiyo tunatumia "mghani", tukijua kuwa wapo watakaosema kughani ni kwa utenzi na shairi tu. Hoja ya kwamba rap si ushairi imejadiliwa vya kutosha kwingineko na haitarudiwa hapa.

Malezi, jina na lugha

Simbiatu Abisola Abiola Ajikawo alizaliwa tarehe 23 Februari 1994 huko Islington, kaskazini mwa London, katika familia ya Wayoruba kutoka Nigeria. Majina yake mawili ya kati yamejengwa juu ya mofimu zilezile za Kiyoruba: bi, yenye maana ya kuzaa, na ola, yenye maana ya heshima au hadhi. Yote mawili yanamtaja mtu aliyezaliwa katika hadhi. Nyumbani aliitwa Simbi. Jina la kisanaa, Little Simz, limeunganisha kifupisho cha jina hilo na neno la Kiingereza lenye maana ya udogo, ambalo wasanii wengi wa rap, wake kwa waume, hujibandika kwa kejeli: anayejiita mdogo ndiye anayetaka kuonekana mkubwa. Tangu mwanzo, basi, jina lake limebeba unyenyekevu na tambo kwa pamoja.

Alikulia katika klabu ya vijana ya St Mary's, Islington, ambako alijifunza kucheza ngoma, kuigiza na kughani. Waimbaji Leona Lewis na Alexandra Burke nao walipitia hapo. Taasisi za namna hiyo hazipewi uzito wa kutosha katika uhakiki, ilhali zilikuwa karakana halisi: chumba cha kurekodia kisicholipiwa, na hadhira ya rika isiyosamehe. Uigizaji wake haukuishia hapo. Alishiriki katika tamthilia za televisheni za Spirit Warriors ya mwaka 2010 na Youngers ya mwaka 2013, na baadaye, kati ya 2019 na 2023, alikuwa Shelley katika Top Boy. Tutaona kuwa mafunzo ya kuvaa nafsi ya mwingine yaliacha alama katika ughani wake.

Kuhusu lugha, Simz ni mzungumzaji wa lahaja ambayo wanaisimujamii wameiita Kiingereza cha Wanajamii Mchanganyiko wa London. Utafiti uliofanywa tangu mwaka 2004 na Jenny Cheshire, Paul Kerswill na wenzao katika mitaa ya Hackney na Havering ulionesha kuwa lahaja hiyo haikuwa Kiingereza cha wahamiaji waliokosea, bali zao la vijana wa asili mbalimbali waliokua pamoja na kujifunza lugha kutoka kwa wenzao wa rika. Mojawapo ya sifa zake, iliyoelezwa na Cheshire mwaka 2013, ni matumizi ya nomino man kama kiwakilishi cha nafsi. Msemaji anaweza kujitaja kwa neno hilo akawa anajizungumzia yeye mwenyewe na papo hapo anajiegemeza kwenye kundi. Waghani wengi wa grime, muziki uliochipuka mashariki mwa London mwanzoni mwa miaka ya 2000, wamelitumia sana. Simz analijua na halikwepi kabisa, lakini katika sehemu kubwa ya kazi zake hutumia nafsi ya kwanza umoja ya kawaida. Anaposema "mimi", hana kundi la kujificha nyuma yake.

Majigambo ya mwanzo

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanayafahamu majigambo: utungo wa nafsi ya kwanza ambao mtunzi wake ndiye mhusika wake, unaosheheni chuku, ulinganisho na orodha ya ushindi. Kanda za Simz za miaka ya 2010 hadi 2014, kuanzia Stratosphere, zinaingia katika kipimo hicho bila shida. Ni kazi za kijana anayebisha hodi kwa nguvu. Hatuna haja ya kukaa nazo sana.

Albamu ya kwanza, A Curious Tale of Trials + Persons, ilitoka Septemba 2015 chini ya chapa yake mwenyewe ya Age 101. Akiwa na umri wa miaka 21, alikwisha kuamua kutosaini mkataba na kampuni kubwa. Mada ya albamu ni umaarufu na madhara yake, na ajabu ni kwamba mtunzi alikuwa bado hajawa maarufu. Mhakiki mkali angesema anaugua ugonjwa ambao hajauambukizwa. Sisi tunaona vingine: nafsineni inajaribu mavazi. Katika baadhi ya tungo anayesema ni msanii aliyelewa sifa. Katika nyingine ni jamaa yake anayemtazama akipotea. Mafunzo ya jukwaani yanaonekana.

Katika albamu hiyo kuna dai ambalo limemfuata hadi leo: kwamba mwanamke anaweza kuwa king. Tafsiri ya Kiswahili inatupa faida hapa. Kiswahili kinamwita mfalme mtawala mwanamume, na malkia ni mtawala mwanamke au mke wa mfalme. Simz hadai umalkia, kwa kuwa katika rap nafasi ya malkia imekwisha kutengwa: ni kiti cha pembeni, chenye heshima, kinachokaliwa na mwanamke mmoja kwa wakati mmoja. Anachodai ni kiti chenyewe. Hili si suala la msamiati tu. Kwa miaka mingi alisifiwa kama mghani bora "wa kike", na katika wimbo wa Venom wa mwaka 2019 alilishambulia sharti hilo waziwazi, kwa ghadhabu ambayo ndiyo inayokaribia zaidi kile ambacho Kiswahili kinakiita kufoka.

Albamu ya pili, Stillness in Wonderland ya Desemba 2016, ilijengwa juu ya hadithi ya Alice ya Lewis Carroll. Ina sehemu nzuri, ila sitiari imebebeshwa mzigo mkubwa mno. Badiliko lenyewe linakuja na Grey Area, iliyotoka tarehe 1 Machi 2019. Hii ni kazi fupi ya tungo kumi, iliyotayarishwa kwa kiasi kikubwa na Inflo, mwenzake tangu enzi za klabu ya vijana. Ala ni chache na zinapigwa kwa mikono: besi, ngoma, filimbi hapa na pale. Ndani ya ukavu huo majigambo yanafikia kilele. Katika Offence anawataja Shakespeare na Jay-Z kama vipimo vya kimo chake mwenyewe. Hata hivyo, albamu hiyohiyo inafungwa na Flowers, anaoimba pamoja na Michael Kiwanuka, ambao unawaza juu ya wanamuziki waliofariki wakiwa na miaka 27. Anayejigamba anauliza majigambo huishia wapi. Kazi hiyo iliteuliwa kuwania Tuzo ya Mercury mwaka 2019 na ikashinda tuzo ya albamu bora ya Ivor Novello mwaka 2020.

Sauti ya ndani yenye lafudhi ya nje

Sometimes I Might Be Introvert ilitoka tarehe 3 Septemba 2021 ikiwa na vipande 19. Herufi za kwanza za jina lake, zikisomwa pamoja, zinaunda SIMBI, jina la nyumbani. Msomaji wa mashairi ya Kiswahili atalitambua pambo hili, kwa sababu washairi wetu wamelificha jina katika herufi za mwanzo za mishororo kwa vizazi vingi. Linalofaa kuangaliwa ni uhusiano wake na mada: jina la umma linabaki juu ya jalada, jina la ndani linafichwa katika kichwa, na anayelijua atalisoma.

Kati ya tungo za albamu vimewekwa viunganishi vya masimulizi, vyenye okestra na kwaya, ambamo sauti ya mwingine inamsemesha Simz. Inamhoji, inambembeleza, inampa mashauri ya dhahabu, mara nyingine inamchokoza. Kiunganishi kimoja kimeitwa The Rapper That Came to Tea, kwa mchezo wa maneno juu ya kitabu cha watoto cha Judith Kerr cha mwaka 1968 kuhusu chui milia aliyekuja kunywa chai. Chui milia yule aliingia nyumba ya watu wa tabaka la kati na kumaliza kila kilichokuwamo. Hapa aliyebisha hodi ni mghani.

Mwenye sauti hiyo ni Emma Corrin, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameigiza nafasi ya Diana katika The Crown. Wahakiki wengi walivitaja viunganishi hivi kama mapambo, na baadhi wakaviona kuwa vinachosha. Tunadhani ndipo penye kiini cha albamu. Nafsineni inapojitazama ndani, sauti inayoikuta humo haina lafudhi ya Islington. Ina lafudhi ya kasri. Msikilizaji wa Uingereza, ambaye hupima tabaka la mtu kwa irabu zake kabla hajamaliza sentensi, hawezi kukosa kulisikia hilo. Swali linalojitokeza ni zito: dhamiri ya binti wa wahamiaji inazungumza kwa lafudhi ya nani? Je, anayemuuliza kama anastahili kuwa hapo ni yeye mwenyewe, au ni nchi iliyojipenyeza ndani ya nafsi yake? Albamu hailijibu swali hilo kwa maneno. Inalijibu kwa mpangilio, kwa maana kila baada ya sauti ile kusema, Simz hurejea kwa lahaja yake mwenyewe bila kuipunguza.

Kutokana na hali hiyo, majigambo hapa yanabadilika kazi. Kimapokeo, mjigambi humkabili adui aliye mbele yake au hadhira inayomshuku. Simz anajigamba mbele ya sauti iliyo kichwani mwake. Chuku inabaki chuku, lakini shahidi, hakimu na mshtakiwa ni mtu mmoja. Ndiyo maana tunasita kuziita tungo hizi "ungamo". Anayeungama huomba kusamehewa. Huyu anataka haki yake itambuliwe, na anayemnyima ni yeye.

Nafsineni si mtunzi, kanuni ambayo tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuisahau tunapohakiki muziki. Little Q, Pt. 2 ni dawa ya usahaulifu huo. Simz anaghani katika nafsi ya kwanza, lakini "mimi" wa utungo ni binamu yake wa kiume aliyenusurika kuchomwa kisu. Hakuna tangazo la kubadili nafsi. Msikilizaji anagundua taratibu. Kisha, akiwa ndani ya nafsi hiyo, anafika hadi kumfikiria aliyeshika kisu kuwa naye ni mtoto aliyejeruhiwa na mazingira yaleyale. Upande wa pili, I Love You, I Hate You unamwelekea baba asiyekuwepo. Hapa mtunzi na nafsineni wamekaribiana sana, na kiitikio kinachorudia mapenzi na chuki kwa zamu hakiruhusu moja lishinde. Ukisikiliza tungo hizi mbili kwa kufuatana utaona kuwa huruma anayomwonesha mgeni mwenye kisu ni nyepesi kwake kuliko ile anayotakiwa kumpa mzazi.

Katika Point and Kill, pamoja na Obongjayar, mwimbaji wa Nigeria anayeishi London, lugha inahamia kwenye Pijini ya Nigeria. Kichwa ni msemo wa migahawa ya huko: mteja anaonesha kidole kambare aliye hai majini, naye anauawa na kupikwa papo hapo. Mjigambi anakuwa mteja anayepata anachokionesha. Inafaa kuzingatia kuwa Simz anapoigeukia lugha hii hageuki mtu wa kuomba radhi wala wa kujieleza, wala sauti ya kasri haipo kumhoji. Woman, akiwa na Cleo Sol, nao ni sifo kwa wanawake wa Nigeria, Sierra Leone, Ethiopia na kwingineko. Utungo wa mwisho, Miss Understood, unachezea maneno ya "bibi" na "kutoeleweka", na unarudi kwenye familia.

Gharama ya kujimiliki

Februari 2022 Simz alipewa Tuzo ya Brit ya msanii bora mpya. Alikuwa ametoa kazi kwa zaidi ya miaka kumi. Kinaya hicho kilizungumzwa sana, lakini tukio la Aprili ya mwaka huohuo linaeleza mengi zaidi. Alitangaza kuifuta ziara yake ya Marekani, akieleza kuwa yeye ni msanii huru anayegharamia kila kitu cha maonesho yake, na kwamba mwezi mmoja wa ziara ungemwacha na nakisi kubwa. Oktoba 2022 albamu ileile ikashinda Tuzo ya Mercury, yenye zawadi ya pauni 25,000. Kabla yake, waghani wanawake walioshinda tuzo hiyo kwa kazi zao binafsi ni Ms. Dynamite mwaka 2002 na Speech Debelle mwaka 2009. Wote wawili walisifiwa kama mwanzo mpya, na kwa wote wawili albamu iliyofuata haikupata mapokezi ya kiwango kile.

Simz hakungoja. Tarehe 12 Desemba 2022, baada ya tangazo la siku chache tu, alitoa No Thank You, yenye tungo kumi. Ni albamu juu ya mikataba, madalali wa muziki, uchovu wa akili na haki za kurekodi. Mtu anaweza kuona mada hizo ni kavu, za ofisini. Hata hivyo, zikisomwa kando ya SIMBI zinaonesha kuwa "mimi" wa tungo na "mimi" wa mkataba hawawezi kutenganishwa. Anayejigamba "nimefika hapa kwa nguvu zangu" anatoa kauli ya kifasihi na papo hapo kauli ya kiuhasibu. Tusisahau, kwa upande mwingine, kuwa uhuru huu una mipaka: SIMBI ilisambazwa kwa ushirikiano na AWAL, kampuni ambayo Sony iliingia makubaliano ya kuinunua mwaka 2021. Msanii huru anamiliki shamba, lakini barabara ya kwenda sokoni ni ya wengine.

Baada ya Inflo

Mwaka 2024 alitumbuiza katika jukwaa kuu la Glastonbury. Mapema mwaka 2025 ziliripotiwa habari kuwa amefungua shauri mahakamani dhidi ya Inflo kuhusu madai ya mikopo isiyolipwa. Kwa mhakiki, jambo la maana ni kuwa mtayarishaji wa albamu zake tatu mfululizo hakuwepo tena. Lotus ilitoka Juni 2025 ikitayarishwa na Miles Clinton James. Jina ni la yungiyungi, ua ambalo mizizi yake iko topeni. Inaanza na Thief, tuhuma kwa mtu asiyetajwa jina, na huu ndio utungo wake wenye ghadhabu iliyo wazi zaidi tangu Venom. Halafu ghadhabu inapungua na shaka inashika nafasi yake: katika Lonely nafsineni inajiuliza kama bado inaweza kutunga bila yule aliyezoea kusimama upande wa pili wa kioo cha studio.

Kwa hoja yetu, utungo wa kuzingatiwa zaidi ni Blood, aliomshirikisha Wretch 32. Ni majibizano ya simu kati ya kaka na dada. Wanaanza kwa salamu za kawaida, wanafika kwenye lawama za nani anamtunza mzazi na nani ametingwa na kazi, wanakatana maneno, wanasogea karibu tena. Simz bado anahojiwa, kama alivyohojiwa katika SIMBI, na bado anajitetea kwa kuorodhesha aliyoyafanya. Tofauti ni kwamba anayehoji safari hii yuko nje ya kichwa chake, ana madai yake mwenyewe ya kujibiwa, na anazungumza kwa lafudhi ileile ya London anayozungumza dada yake.